Barua ya wazi kwa mpwa wangu wa mkono wa kushoto

Mpwa wangu mpendwa,

Nimeona ni heri nikuandikie hadharani, kwa kuwa kosa nililokutendea nililitenda hadharani, mbele ya wenzako na wazazi waliokuwa wameketi juu ya mawe kando ya uwanja wetu wa besiboli wa Eastlands, Nairobi, na sijawahi kulikiri mbele ya yeyote kati yao.

Ulikuwa na umri wa miaka 12, wewe ukiwa mtupaji, yaani anayemrushia mpigaji mpira, nami nikiwa kocha wako. Tulikuwa tukiongoza kwa mkimbio mmoja, yaani pointi moja, na wapigaji wa upande wa pili walikuwa wakichapa hewa kila ulipoachia mpira. Kila zamu ilipokwisha nilikuuliza kama umechoka, nawe ukanijibu, "Bado, Mjomba." Mtoto aliyekabidhiwa mpira na mjomba wake angejibu nini kingine? Usiku ule nilifungua daftari la mechi nikahesabu alama ndogondogo nilizokuwa nimeziweka kwa penseli, nikakuta umetupa mara 118. Kanuni za Little League, ligi ya besiboli ya watoto, zinaweka kikomo cha mitupo 85 kwa siku kwa mtoto wa umri huo, na anayefikisha 66 hupumzishwa siku 4 kabla ya kurudi kutupa. Nilizijua kanuni hizo vizuri. Nilizifumbia macho kwa sababu nilitaka kushinda.

Siku chache baadaye mama yako alinipigia simu kunieleza kwamba umeshindwa kunyoosha mkono kushusha sufuria kutoka kwenye rafu. Daktari alitufafanulia kuwa katika kiwiko cha mtoto kuna sehemu laini ambayo bado haijakomaa kuwa mfupa, na kwamba kila mtupo wa nguvu huivuta, kisha mitupo ikizidi bila mapumziko sehemu hiyo huumia. Hukulia. Ulinitazama tu, na mtazamo ule ninao hadi leo.

Nataka ujue mchezo huu uliniingiaje, si kwa kujitetea, bali kwa sababu nilikurithisha wewe. Nilipokuwa mvulana nilipata glavu kuukuu katika rundo la mitumba pale Gikomba, nikaivaa mkono wa kulia kama ilivyoniingia, na kwa miaka mingi nikahangaika kutupa kwa mkono wa kushoto, nisijue kwamba ilishonwa kwa ajili ya mashoto. Nilikuja kuelewa nilipokuona ukicheza mchezo wa kati na watoto wa ploti, na mpira wa mifuko ya plastiki ukitoka katika mkono wako wa kushoto ukiwa umenyooka kama uzi. Siku ileile nilikuletea ile glavu. Ilikuwa imekungoja wewe.

Unaukumbuka usiku wa Novemba 2016? Ulikuwa umekuja kwetu likizo, nami nikaamka saa tisa usiku kutazama mechi ya mwisho ya ubingwa wa Marekani kwenye simu, nikiwa nimejifunika blanketi nisiwaamshe watu. Ukaamka hata hivyo, ukaja kujibanza ubavuni mwangu. Cubs ya Chicago ilikuwa haijatwaa ubingwa tangu mwaka 1908. Zamu 9 zikaisha timu zikiwa sare, mvua ikanyesha, mchezo ukasimama kwa dakika 17, nawe ukaniuliza kwa uchungu kabisa kwa nini watu wazima wanaikimbia mvua. Waliposhinda 8 kwa 7 katika zamu ya 10, kulikuwa kumekucha, matatu zikipiga honi barabarani, nawe ulikuwa umeshika mkono wangu kwa mikono yako yote miwili. Hakuna mechi niliyoipenda kuliko ile.

Kuna jambo ambalo ningepaswa kukufundisha mapema. Nairobi iko juu kuliko Denver, mji wa Marekani ambao wachezaji wa ligi kuu ya huko wanaujua kwa hewa yake nyepesi: mpira ukipigwa huenda mbali zaidi, na mtupo wa kupinda haupindi sawasawa. Mtupaji wa huku hushawishika kufidia kwa nguvu, na mimi ndiye niliyekuwa nikikupigia kelele, "Ongeza nguvu!" Ilinipasa nikufundishe kubadilisha kasi na kulenga kona za eneo la mpigaji, maana hayo hayamchoshi mtoto kiwiko kama nguvu.

Siku hizi ninahesabu. Kila mtoto anapoanza kutupa ninatia punje 85 za mahindi katika mfuko wa kulia wa koti, au 75 kama ana miaka 9 au 10, na kila mtupo nahamisha punje moja kwenda mfuko wa kushoto. Mfuko wa kulia ukiwa mtupu, mtoto anatoka, hata kama tunaongoza, hata kama baba yake anafoka.

Daktari alisema zamani kwamba umepona. Sikuombi urudi kutupa. Besi ya kwanza, kituo cha kwanza anachokimbilia mpigaji, haina mtu wa kuilinda, na hapo ndipo mashoto anapohitajika hasa, kwa kuwa glavu yake iko upande wa wenzake wanaomrushia mpira na hana haja ya kugeuka ili atupe besi ya pili. Glavu nimeipaka mafuta, na ule ukanda uliokatika fundi wa viatu ameushona upya.

Tunakutana Jumamosi saa tatu asubuhi. Ukitaka kuhesabu tu, mkebe wa punje utakuwa juu ya jiwe lile kubwa la pembeni. Ukitaka kucheza, glavu itakuwa kando yake.

Mjomba wako