Santuri za Oak si za bendi peke yake

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu wanaofuatilia santuri za Oak, lebo ndogo ya studio ya R.G. Jones iliyokuwa Morden, kusini mwa London. Nimefurahi kuona jambo hili limepewa nafasi, lakini orodha mliyochapa imenisikitisha. Ni bendi tupu. Bo Street Runners wamo, na ile EP yao (santuri ya nyimbo chache) ya 1964 ambayo sasa watu wanauziana kwa fedha nyingi. Santuri nyingine zenye namba za Oak mmeziruka kana kwamba hazikuwahi kutoka.

Oak haikuwa kampuni ya kusaka nyota. Ilifanya kazi kwa oda: mteja analipa, anarekodiwa, anakabidhiwa santuri zake akauze au akagawe mwenyewe. Bendi za vijana zililipa, na kwaya za shule nazo zililipa. Katika biashara hii ya oda ndogo wengi waliishia nakala 99, maana zikifika 100 kodi ya mauzo ya wakati huo, iliyofutwa 1973 kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ilipoanza, ilikuwa inawakamata. Nakala 99, zikagawiwa ndugu na majirani miaka 60 iliyopita! Ngapi zimesalia?

Na hakuna daftari la taifa la kukimbilia. Kitabu kikichapishwa Uingereza, sheria inamtaka mchapishaji apeleke nakala British Library, maktaba ya taifa. Santuri haibanwi na sheria hiyo. Kwa hiyo ile ambayo haikuingia dukani, ushahidi wake mara nyingi ni yenyewe tu.

Mimi ninayo moja ya kwaya ya watoto, niliyoiokota kwa peni 50 kwenye sanduku la duka la misaada. Lebo, ile karatasi ya katikati, imeingia unyevu, jina la shule halisomeki. Lakini ukiiinamisha kwenye mwanga wa taa, pale mifereji ya sauti inapokoma, karibu na lebo, unaona RGJ, yaani R.G. Jones, na namba, zimekwaruzwa kwa mkono. Namba hiyo imekaa kati ya namba za santuri za bendi mbili ambazo miaka yake inajulikana, basi hata wale watoto nimeshajua waliimba lini. Msichana mmoja anakohoa mwanzoni mwa upande wa pili, na mwalimu wa piano anamsubiri amalize.

Msiseme kwaya haina thamani. Mwaka 1958 vijana watano waliingia studio ya Percy Phillips, namba 38 mtaa wa Kensington, Liverpool, wakatoka na santuri moja tu. Mpiga piano wao, John Duff Lowe, alikaa nayo mpaka 1981 alipomuuzia mwenzake wa zamani, Paul McCartney, aliyekuja kuwa nyota wa Beatles. Siku ile walikuwa wateja wa kawaida, kama kwaya yangu.

Ombi langu: orodha ijayo ipangeni kwa namba, si kwa bei, na pasipojulikana paacheni wazi ili msomaji aone pengo. Waambieni wenye santuri hizi wasizisugue lebo wala kufuta maandishi ya kalamu kwenye bahasha, wapige picha kwanza, pande zote mbili, pamoja na ile namba ya kukwaruzwa. Picha za yangu nimeziambatanisha na barua hii.

Msomaji wenu,
London