Mitetemo miwili ndani ya nyumba moja

Rafiki yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, ingawa kwa jinsi ulivyoniandikia najua usingizi umekupaa. Unasema mdogo wako, anayetibiwa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, ameanza kutetemeka mikono na kuburuta miguu sawasawa na baba yenu mwenye ugonjwa wa Parkinson, na kwamba baba naye, ambaye akili zake hazijawahi kutiliwa shaka, sasa anawaona watoto asiowajua wameketi pembeni mwa kitanda chake. Unahofia kwamba wameambukizana. Mimi si tabibu, ni mwalimu wa biolojia tu, lakini naona mambo haya mawili yana chimbuko la karibu sana.

Nianze na baba. Katika sehemu ya juu ya shina la ubongo kuna eneo dogo lenye rangi nyeusi ambalo seli zake hutengeneza dopamini, mojawapo ya kemikali ambazo seli za neva hutumia kupelekeana ujumbe. Kwa mgonjwa wa Parkinson seli hizo hufa polepole kwa miaka mingi, na kufikia siku mkono unapoanza kutetemeka, sehemu kubwa yake huwa imekwisha kupotea. Mwaka 1957 mtafiti wa Uswidi, Arvid Carlsson, alionyesha kwamba sungura waliopewa dawa ya kumaliza dopamini, wakawa wamelala bila kujimudu, waliinuka tena walipodungwa levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Ni levodopa hiyohiyo uliyonitajia kuwa baba anaimeza kila siku.

Sasa mdogo wako. Mwaka 1952, mjini Paris, madaktari Jean Delay na Pierre Deniker waliwatibu kwa dawa iitwayo klopromazini wagonjwa waliokuwa wakisikia sauti na kuandamwa na dhana za kutisha, na wengi wao wakatulia. Wakati huo hakuna aliyejua sababu. Ilikuja kubainika baadaye kwamba dawa za jamii hiyo huziba vipokezi ambavyo dopamini hujishikiza ili ujumbe upite. Picha za ubongo nazo zimeonyesha kwamba wagonjwa wengi wa skizofrenia huzalisha kemikali hiyo kupita kiasi katika baadhi ya maeneo. Tatizo ni kwamba kidonge hakichagui pa kwenda: huziba vipokezi mahali sauti zinapochochewa, na huviziba pia mahali mwendo wa mwili unaporatibiwa, hata mgonjwa akafanana na mtu aliyepungukiwa na dopamini ilhali seli zake ziko hai. Kwa hiyo, kwa kadiri ninavyoelewa, mdogo wako hajarithi ugonjwa wa baba; yaelekea anatetemeshwa na dawa. Kwa baba mambo huenda kinyume chake, kwa sababu levodopa huongeza dopamini hata pasipopungua, na Parkinson yenyewe, inapokomaa, inaweza kuleta maono bila msaada wa dawa yoyote.

Usidhani, hata hivyo, kwamba skizofrenia ni dopamini tu. Nachukizwa na maelezo mepesi ya namna hiyo. Ugonjwa wa Huntington, maradhi ya ubongo ya kurithi, husababishwa na hitilafu katika jeni moja, iliyotambuliwa mwaka 1993, lakini skizofrenia huhusishwa na mamia ya sehemu za kijenetiki, kila moja ikichangia kidogo sana, na pacha wa mgonjwa, hata wakiwa wa kufanana kabisa, mara nyingi haugui.

Uliniuliza pia kwa nini wageni humpa baba pole waziwazi lakini humnong'ona mdogo wako. Nadhani ni kwa sababu seli zilizokufa huonekana kwa darubini, na kinachoonekana hakilaumiwi. Zamani vituo vya wagonjwa wa akili vilijaa watu wenye wazimu uliofuatiwa na kupooza, wakihesabiwa kuwa wamevuna walichopanda, mpaka mwaka 1913 bakteria wa kaswende alipoonekana ndani ya bongo za waliokufa kwa ugonjwa huo, na baadaye penisilini ikaweza kuuzuia. Mwaka 2007 tena daktari Josep Dalmau na wenzake walieleza kingamwili, yaani chembe ambazo mwili hutengeneza kujilinda na maradhi, zinazoshambulia vipokezi vya ubongo na kumfanya msichana mwenye afya aone maono na kuweweseka kana kwamba amerukwa na akili, naye anaweza kupona akitibiwa kinga yake ya mwili. Mpaka baina ya ugonjwa wa neva na ugonjwa wa akili husogea kila maabara inapogundua jambo.

Nakusihi mambo mawili. Usimwachishe mdogo wako dawa kwa kuona anatetemeka, maana sauti zinaweza kurudi kwa kishindo. Mweleze daktari wake lini mtetemo ulianza, naye ataamua kama apunguze dozi au abadilishe dawa. La pili linanitia hofu zaidi: usije ukampa baba hata kidonge kimoja cha mdogo wako ili asiwaone wale watoto, kwa sababu dawa nyingi za aina hiyo zinaweza kumkazisha mwili asiweze hata kugeuka kitandani. Mpeleke kwa daktari anayemwandikia levodopa, umwambie anawaona saa ngapi na kama anawaogopa.

Niandikie mkirudi kliniki.

Wako akupendaye,
Rafiki yako wa siku zote