Barua kwa mwanangu: dole gumba kwanza

Mwanangu mpendwa,

Umeuliza kwa nini vidole vinagongana kwenye gitaa kila ukiongeza kasi. Nimeitazama ile video yako ukipiga mara kadhaa, na ninavyoona mimi, kasi haina kosa. Dole gumba ndilo bado halijapata mwendo wake.

Kwa hiyo kwa sasa vingine vipumzike. Kwa mkono wa kushoto shika kordi ya C (kordi ni sauti kadhaa zinazolia pamoja), gumba la kulia lipige uzi wa 5, wa 4, wa 5, wa 4 (tunahesabu kuanzia uzi mwembamba, wa 1, hadi mnene, wa 6), bila kukoma, mpaka uweze kuzungumza na mtu huku lenyewe likiendelea. Weka metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye mapigo 60 kwa dakika. Ukijikuta umebana pumzi, shuka hadi 50. Ukihamia kordi ya G, gumba lianzie uzi wa 6, kisha wa 4. Inachosha, najua, lakini hapo ndipo gitaa moja linapoanza kusikika kama mawili.

Likizoea, ongeza kidole cha kati kwenye uzi wa 2, kilie pamoja na pigo la kwanza la gumba. Cha shahada kikae uzi wa 3 na kiingie katikati, gumba likishapiga na kabla halijapiga tena. Cha pete kitasubiri.

Jambo jingine nililoona: unauvuta uzi kwa nje, ndiyo maana unachapa shingo ya gitaa. Kidole kinachopiga kikunje kwa kiasi tu kuelekea kiganjani, na kifundo cha mkono ukilegeze.

Wala usione haya kutumia vidole vichache. Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa Katanga huko Kongo, ambaye mtafiti wa muziki wa Kiafrika Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, alipiga kwa dole gumba na kidole cha shahada, na bado ukimsikia utadhani wako wapigaji wawili. Msikilize ukifuata besi peke yake, halafu rudia ukifuata nyuzi nyembamba. Mimi sichoki kumsikiliza.

Ncha za vidole vya kushoto zitaacha kuuma ngozi ikikomaa. Ila kifundo kikiuma, weka gitaa chini siku hiyo.

C kwenda G ikiwa laini, gumba lisisite, niambie tuingie kordi ya Am. Utaipenda: gumba linabaki uzi wa 5 na wa 4 kama kwenye C, na mkono wa kushoto ni cha pete tu kinachohama.

Mama yako