Muuzaji wa CNC atuonyeshe A350, kisha A10

Mhariri,

Anayenunua mashine ya CNC, inayochonga kwa kuongozwa na kompyuta, ili achonge miguu ya vitanda ya mninga hapa Tabora huelezwa nguvu ya mota na ukubwa wa meza. Haelezwi programu yake inauelewaje mhimili wa kuzunguka, ule wa A, na hapo ndipo mbao zinapoharibikia.

Mguu ukiwa nyuzi 350, mashine ikaamriwa A10, yaani uende nyuzi 10, programu inayouhesabu mhimili kama reli iliyonyooka itarudi nyuma nyuzi 340. Inayojua kwamba 360 ni 0 itasogea mbele nyuzi 20 tu. Zote mbili zinahitajika. Nakshi ya msokoto wa mizunguko 40 inataka hesabu ndefu, ile ya reli, lakini ukimaliza ukaandika G0 A0, amri ya kwenda haraka nyuzi 0, mguu utarudishwa nyuzi 14,400. Biti, yaani kisu cha kuchongea, ikiwa bado chini, nakshi imekwisha.

Kwa hiyo fundi achague mwenyewe hali ya kuhesabu, na kioo cha kompyuta kiionyeshe muda wote. Njia fupi nayo isilazimishwe: giaboksi yenye pleyi, yaani ulegevu kati ya meno, lazima ifikie nyuzi kutoka upande uleule kila mara. LinuxCNC, programu ya bure ya kuendeshea mashine hizi, imelitatua hili vizuri. Mhimili ukiwekwa kwenye mpangilio wake wa WRAPPED_ROTARY, A10 huenda mbele na A-10 huenda kinyume, zote zikiishia nyuzi 10.

Kosa la kimyakimya zaidi liko kwenye hatua za mota. Mota ya hatua 200 kwa mzunguko, draiva (kifaa kinachoiendesha mota) iliyogawa kila hatua mara 16, giaboksi ya 6 kwa 1: hatua 19,200 kwa mzunguko, yaani 53.3333 kwa kila nyuzi. Programu inayopokea desimali mbili tu itaandika 53.33. Baada ya mizunguko 40 zimepungua hatua 48, karibu nyuzi 0.9, kwenye nguzo ya kipenyo cha milimita 200 ni zaidi ya milimita moja na nusu. Programu iulize hatua za mzunguko mzima, namba isiyo na desimali.

Kabla ya kulipa, piga alama ya kalamu kwenye chaki, kile kibano kinachoushika na kuuzungusha mguu. Muuzaji aandike A350, kisha A10, uone inakopita. Halafu airudishe 0 na, kwa hesabu ndefu, aipeleke A14400 bila kuirudisha, maana ikirudi kinyume kosa hujifuta. Alama isipokaa palepale, mwambie arekebishe kwanza.

Fundi mashine,
Tabora