Usilipe ganuni kabla ya kusoma

Sahibu yangu,

Assalamu alaikum. Huku sote wazima, ila mvua haitupi nafasi. Maalim goti bado linamsumbua, lakini mazoezini hakosi. Dada yako kaniambia safari ya Istanbul ni wiki ijayo, ndiyo maana nakuandikia mbio mbio. Tafadhali usilipe hiyo ganuni, ala yetu ya nyuzi nyingi, kabla ya kumaliza barua hii.

Ijumaa yule kijana wa Ng'ambo alileta kinanda cha umeme, unabonyeza na kila mi inashuka senti 50 (za kupimia sauti, si za fedha), robo toni kamili. Oktava nzima si senti 1200? Ikate vipande 24 sawasawa, kila kimoja ni 50. Basi tukapiga Rasti, ile maqam, yaani ngazi ya sauti za Kiarabu. Bibi, mwimbaji wetu, kufika kwenye Sika, ile mi iliyoshushwa, akanyamaza katikati ya ubeti. "Hiyo mi imelala," akasema, akajifunga mtandio wake vizuri na kukaa.

Nikamwomba aimbe peke yake, bila chombo, nami nimeshika kipimo kwenye simu. Kinanda kilikuwa 350 kutoka do. Yeye mara tatu zote alisimama kwenye 358. Senti 8 tu, na kazisikia! Kisha akaingia Bayati, maqam nyingine, mi hiyo hiyo ikateremka hadi 342. Jina moja, Sika, na mahali pawili.

Usiku sikulala. Cairo mwaka 1932 mabingwa wa muziki wa Kiarabu walikusanyika wakabishana kama ngazi ya vipande 24 igawanywe sawasawa, na mimi miaka yote nikidhani ule ni ubishi wa vitabuni. Wapiga udi na fidla hawana taabu, kidole kinatafuta chenyewe. Sisi wa ganuni tumefungwa na mandali, vile vyuma vidogo vya kuinua na kuangusha ili kubadili sauti ya uzi. Hii yangu ina mbili kwa kila nusu toni. Nikiangusha moja, 50 nzima imekwenda.

Sasa, ganuni nyingi za Kituruki zina mandali sita kwa nusu toni, yaani vipande 72 kwa oktava, kila kimoja senti 16 na ushei. Nikapiga hesabu: nikianzia 300, mandali tatu zinanirudisha kwenye 350 ya kinanda, nne zinanipeleka 367, nimempita Bibi. Nikakata tamaa kabisa. Alfajiri ndiyo ikanijia: nikaze uzi wenyewe kwa ufunguo, senti 8. Hapo mandali tatu zinanipa 358 ya Rasti, na nikiangusha moja napata karibu 342 ya Bayati! Kwa yangu ya sasa haiwezekani hata nikeshe.

Kwa hiyo wakikuonyesha sadafu na nakshi, wewe inama uhesabu mandali za nyuzi za mi. Ziwe sita kwa kila nusu toni, na zisilegee.

Je, fedha niliyompa shemeji ilikufikia? Itatosha? Kwenye ndege watakuruhusu uishike mkononi, au tutafute sanduku gumu? Na ile kanda ya harusi ya Kikwajuni, Bibi anaimba Rasti, bado unayo huko Muscat? Hata kama inakwenda mbio haidhuru, nafasi kati ya sauti na sauti haibadiliki. Nataka kuipima. Wakati ule pia alikuwa kwenye 358?

Nijibu kabla hujapanda ndege.

Sahibu yako wa ganuni