Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wapiga Picha za Nyota, Lamu

Ndugu wanachama, assalamu alaikum.

Safari za Shela, mafunzo ya kamera na darasa la kuunganisha picha kwa Siril, programu ya kompyuta, yalifanyika. Mnayajua, siyarudii.

Naja kwenye stendi ya mota, ile inayoizungusha kamera polepole ifuate nyota. Wapo wanaosema, tena mitaani badala ya kikaoni, kwamba kwa shilingi 52,000 tulizoilipia tungenunua darubini. Pendekezo lilikuwa langu, kamati ikalipitisha, na bado nalisimamia. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa. Lenzi ya milimita 200 ikiwa juu ya stendi isiyo na mota, sekunde mbili na nusu tu nyota zimeshavutika kama nyuzi. Darubini huvuta karibu zaidi, basi mvutiko huo ungezidi. Januari, giza la mwezi, tulipiga picha 90 za sekunde 60 kila moja za nebula ya Orioni, lile wingu la gesi na vumbi angani. Zilipounganishwa chenga zilipungua, mabawa yake ya waridi yakatokeza. Picha kama hiyo chama hakikuwahi kuipata.

Imesemwa pia kuwa stendi ni mbovu. Si kweli. Maelekezo yake yanataka uilenge nyota ya kaskazini ili izunguke sambamba na anga, nasi Lamu tuko digrii 2 kusini mwa ikweta: kwetu nyota hiyo haichomozi kabisa. Ncha ya kusini ya anga nayo iko chini mno, ndani ya utusitusi wa bahari. Nilikesha siku tatu kwenye matuta ya Shela, peke yangu, nikiilenga stendi kwa kufuatisha nyota ya utosini, kisha nyota ya chini mashariki, nikikaza na kulegeza skrubu kila ilipopotoka. Wanakamati wawili walioahidi kuja hawakutokea.

Fedha: salio la nyuma 41,300, ada 15,600, michango 9,500, jumla 66,400. Stendi 52,000, nauli za mashua 6,900, betri 3,500. Limebaki 4,000. Wanachama ni 31, waliolipa ada ya 1,200 ni 13. Kikao cha Novemba tulikuwa watano. Inaniuma, kwa sababu wanaoilaumu stendi wengi wao wamo katika wale 18 wasiolipa.

Mwakani, inshallah, kaskazi ikitulia, natumai tutaupata ule ukungu wa buluu unaozunguka kundi la nyota la Kilimia, na pengine Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani yetu. Darubini tutaizungumza ada zikiingia.

Stendi iko kwangu. Anayeitaka aniarifu siku mbili kabla, na akiirudisha aifute chumvi.

Mwenyekiti