Mfalme Aliyejua Kungoja

Mwanangu mpenzi,

Natumaini u mzima. Nimesoma insha yako kuhusu Prithvi Narayan Shah, mfalme wa Gorkha aliyeiunda Nepal, na pale ulipoandika kwamba aliziunganisha falme ndogo za Himalaya kwa ushujaa, mimi baba yako nimesita. Gorkha, aliyoirithi mwaka 1743 akiwa na miaka 20, ilikuwa nchi ya vilima, maskini mbele ya jirani zake; ushujaa mtupu usingemfikisha mbali.

Tazama Nuwakot, mji uliokaa kwenye njia ya biashara kati ya Bonde la Kathmandu na Tibet. Aliuvamia mapema, akafurushwa. Badala ya kurudi kwa hasira alikwenda Banaras, mji wa India, kutafuta bunduki, na mwaka 1744 akautwaa. Kutoka hapo alizifunga njia za bonde moja baada ya nyingine, hata chumvi na pamba zikaadimika, huku wafalme wa Malla wa Kathmandu, Patan na Bhaktapur, watu wa ukoo mmoja, wakiendelea kugombana wenyewe kwa wenyewe.

Kirtipur, mji wa bondeni humo, umeiruka, nami sipendi uiruke. Mwaka 1757 alishindwa huko na kumpoteza Kalu Pande, mkuu wa majeshi yake. Mwaka 1764 nduguye Surapratap alipoteza jicho. Mji ulipoanguka hatimaye, washindi waliwakata watu pua. Mpaka leo, kwenye kuta za hekalu la Bagh Bhairab, zimetundikwa panga na ngao kuukuu za walioshindwa.

Kathmandu yenyewe aliiingia Septemba 1768, watu wakiwa katika sherehe za Indra Jatra, na Bhaktapur ikafuata mwaka 1769. Kabla ya hapo, mwaka 1767, alikuwa amekwisha kuwarudisha nyuma askari wa Kampuni ya Waingereza ya India Mashariki waliotumwa kuwasaidia wana Malla.

Wosia anaohusishwa nao unaifananisha nchi yake na kiazi kikuu kilichobanwa kati ya majabali mawili, yaani China upande mmoja na watawala wa India upande wa pili. Mfano huo naupenda kuliko sifa zote ulizompamba nazo, maana ni maneno ya mtu anayejua udogo wake.

Basi iandike upya insha hiyo, na Kirtipur uitangulize kabla ya Indra Jatra. Nitaisubiri.

Baba yako